Barua ya wazi: Mji wa mabaraza, na mtoto hana pa kukaa

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa afya, elimu na mambo ya vijana wetu, wa ngazi ya kaunti na wa ngazi ya taifa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na kwa wasio Waislamu miongoni mwenu, salamu zangu za heshima.

YAH: VIJANA WA AMU NA VISIWA VYAKE WANAOUMWA AKILI NA HAWANA PA KWENDA

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Amu, yaani mji wa Lamu. Nimefundisha kwa miaka 14, na kwa minane ya mwisho nimekabidhiwa pia kazi ya ushauri nasaha. Shule yangu siitaji kwa kuwa siandiki kwa niaba yake. Naandika kama mwalimu, kama mama wa watoto watatu, na kama mzaliwa wa mji huu.

Waheshimiwa, sikukimbilia hadharani. Nimewaandikia barua tatu. Ya kwanza niliileta kwa mkono wangu ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili nilijibiwa kwa mdomo mlangoni kwamba jambo linashughulikiwa. Ya tatu haikujibiwa kabisa. Nimekuja pia kwa miguu mara mbili: mara ya kwanza nikaambiwa mkuu yuko safarini, mara ya pili nikaelekezwa ofisi nyingine, na ile nyingine ikanirudisha kwa ile ya kwanza. Niliyoyaeleza faraghani hayakuzaa hata miadi ya dakika kumi. Ndiyo maana leo nayaeleza mbele ya wazazi wote.

Nianze na kijana mmoja. Mama yake ameniruhusu nieleze habari zake mradi nisimtambulishe. Alikuwa kidato cha pili, hodari wa hesabu, mwenye sauti nzuri ya kusoma kasida. Alipofika miaka 16 akaanza kutolala. Kwanza tulidhani ni simu. Kisha akahama dawati la mbele akakaa nyuma, kisha akaacha kula na wenzake, kisha siku moja akaniuliza kwa sauti ya chini kama na mimi nayasikia yale yanayosemwa juu yake nyuma ya ukuta. Mama yake alikuja shuleni, akakaa mbele yangu, buibui limelowa jasho, akasema maneno ambayo kila mzazi wa huku huyasema: "Mwalimu, mwanangu ana mawazo."

Walimpeleka kwa ustadh. Akasomewa, akapewa kombe, yale maji ya kunywa yaliyooshewa maandishi ya aya. Sina neno juu ya hilo. Nami nimesomewa mara nyingi katika maisha yangu na moyo wangu ukatulia. Tena nataka ijulikane kwamba ustadh yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Huyu mpelekeni na hospitali pia." Wakaenda katika hospitali ya serikali. Mara ya kwanza kijana alipewa dawa ya malaria. Mara ya pili aliulizwa anavuta nini, na kwa kuwa alikuwa kimya, kimya chake kikaandikwa kuwa jibu. Mara ya tatu, baada ya miezi, ndipo alipopewa barua ya kwenda Mombasa.

Yeyote kati yenu aliyesafiri na mgonjwa kutoka Amu anaijua safari hiyo. Boti mpaka Mokowe, kisha basi, zaidi ya kilomita 300, na njiani vizuizi vya usalama ambapo abiria hushushwa wapange mstari na vitambulisho mkononi. Mtu mzima mwenye akili timamu huchoka. Sasa mfikirieni mtoto anayeamini kwamba watu wanamfuata, asiye na kitambulisho kwa kuwa hajafika umri, anaamriwa ashuke usoni pa watu wenye bunduki. Alikataa kushuka. Mama yake alimpigia magoti askari barabarani. Askari yule, Mungu amjaze kheri, aliwaelewa.

Dawa zilimfaa. Baada ya wiki kadhaa alianza kulala usiku, akacheka, akaniomba daftari la hesabu. Lakini dawa zilikuwa za mwezi mmoja. Zilipokwisha, dirisha la dawa hapa kwetu halikuwa nazo. Mama akawa ananunua dukani akiwa na pesa, anakosa akiwa hana, na kijana naye akawa anapanda na kushuka kama maji ya kujaa na kupwa.

Tangu usiku wa kwanza aliokosa usingizi hadi kidonge cha kwanza ilipita miezi 14. Barua hii yote ni juu ya miezi hiyo 14.

Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Maradhi haya huanza utotoni, na huduma mmeiweka mbali na watoto.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watu saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Wataalamu wanakubaliana pia kwamba karibu nusu ya maradhi ya akili tunayoyaona kwa watu wazima huwa yamekwisha kuanza kabla ya mtu kutimiza miaka 18. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti yetu, na vijana ni wengi mno kati yao. Mkuu yeyote wa shule asimame mbele ya gwaride la asubuhi ahesabu kila wa saba, aone atafika wangapi.

Naomba mnivumilie nieleze kidogo jinsi kijana anavyokua, kwa sababu nimegundua kwamba wakubwa wengi wanayaamua mambo ya vijana kwa kukumbuka ujana wao tu. Ubongo wa kijana haukui sehemu zote kwa pamoja. Zile sehemu za hamaki, za furaha ya ghafla, za kutaka kukubaliwa na wenzake, hupata nguvu mapema, tangu kubalehe. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ile inayopima matokeo na kuzuia pupa, hukamilika mtu akiwa amekwisha kupita miaka 20. Manahodha watanielewa nikisema ni jahazi lililotwekwa tanga zima na usukani wake bado haujafungwa. Haina maana kwamba jahazi ni bovu. Maana yake ni kwamba katika miaka hiyo linahitaji mtu karibu.

Hata usingizi hubadilika. Mwili wa kijana huchelewa kutoa homoni ya usingizi usiku, kwa hiyo huchelewa kulala bila ya kuwa mkaidi. Nasi mabwenini twawaamsha kabla ya adhana ya alfajiri wakajisomee, halafu twawachapa maneno wakisinzia saa tano. Mtoto asiyelala vya kutosha miezi na miezi hukasirika upesi na huzuni humwingia upesi. Hilo peke yake si ugonjwa, lakini kwa aliye ukingoni ndilo humsukuma.

Sisemi kila anayenuna ni mgonjwa. Kijana kununa wiki moja kwa sababu ya mtihani au rafiki ni kawaida, na apite hapo kwa salama. Ninachokitazama mimi ni huzuni au hofu inayokaa wiki mbili na zaidi bila kuondoka, ikala usingizi, ikala chakula, ikala masomo, ikala urafiki. Msichana anayeumwa tumbo kila Jumatatu na vipimo vyote havioni kitu. Mvulana mpole aliyegeuka mgomvi. Anayegawa vitu vyake avipendavyo. Anayesema, hata kwa mzaha, kwamba wenzake wangepumzika kama asingekuwapo. Dalili hizi mwalimu aliyefundishwa huziona. Akishaziona ampeleke wapi?

2. Hatuna mtu, na hatuna mahali.

Nilikuwa na chumba kidogo cha ushauri nasaha. Kilikuwa na viti viwili, meza na pazia nililolishona mwenyewe. Kwa miaka miwili sasa kimekuwa stoo ya vitabu. Silaumu, vitabu vilikuja na havikuwa na pa kuwekwa. Tangu hapo nazungumza na wanafunzi chini ya mwarobaini uani, mbele ya macho ya shule nzima. Mwanafunzi akionekana amekaa nami pale, kufikia wakati wa chakula amekwisha kupewa jina.

Yule msichana wa tumbo la Jumatatu nimemwona kwa macho yangu. Ilinichukua muhula mzima kumfanya aseme kinachomsumbua, na siku aliyoanza kusema, kengele ililia, na mimi nilikuwa na kipindi. Nilimwambia tutaendelea kesho. Kesho yake hakutaka tena. Nimelibeba jambo hilo mpaka leo. Nina vipindi 27 kwa wiki, sawa na mwalimu asiye na kazi ya ushauri, na mafunzo niliyopewa kwa kazi hii yalikuwa ya siku tatu.

Huo ni mji wa Amu, wenye barabara ya maji kila saa. Mtoto wa Kizingitini, wa Siyu, wa Kiunga, mamake akitaka mtu wa kumtazama aanze na boti, asubiri maji yajae, alale kwa jamaa, na akifika aambiwe anayeshughulika na mambo hayo hayupo leo.

3. Vijana hawa wamelelewa ndani ya hofu, na hakuna aliyewauliza.

Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani kwa siku mbili. Mtoto aliyekuwa wa nasari usiku ule, leo anakaribia kumaliza shule ya upili. Alilelewa na amri za kutotoka nje usiku, na baba asiyeruhusiwa kuvua usiku, na habari za mashambulizi barabarani ambazo hakuna mtu mzima aliyekaa naye kumweleza. Waliokwenda kuwasaidia wafiwa wakati ule Mungu awalipe, ila misaada ya aina hiyo huja wiki chache ikaondoka, na hofu ya mtoto haiondoki nayo. Nina wanafunzi ambao mlango ukipigwa kwa nguvu wanaruka. Wazee husema mwenye kovu usidhani kapowa.

Kisha pana bandari. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na tuliwaambia watoto wasome kwa bidii kwa kuwa kazi zinakuja. Naogopa kuyarudia maneno hayo darasani siku hizi, kwa sababu kaka zao wako barazani bila kazi, wananisikiliza.

4. Aibu na woga wa sheria.

Kwa miaka mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu. Familia zilificha. Mtoto aliletwa hospitali ikasemwa ameanguka, au amekunywa kitu kwa bahati mbaya, na kwa kuwa ukweli umefichwa, alirudishwa nyumbani bila ya mtu kumuuliza lolote. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Nimeuliza wazazi wangapi huku wanalijua hilo. Sijampata hata mmoja. Hakuna tangazo lililobandikwa msikitini, wala redioni sikusikia, wala zahanati haikuambiwa iwatangazie watu kwamba sasa njooni, mtoto hatakamatwa.

5. Sheria imekwisha kuwataka mfanye haya.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana, na cha 53 kinampa mtoto haki ya matibabu ya msingi na kusema kwamba maslahi yake ndiyo yatangulie. Jopo kazi la taifa la afya ya akili lilipendekeza mwaka 2020 kwamba hali hii itangazwe kuwa dharura. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022, na marekebisho hayo yakaweka juu ya serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi katika vituo vyao na kuzitengea pesa. Sikuhitaji wakili kuyasoma hayo.

Najua mtakayonijibu, kwa sababu mengine nimekwisha kujibiwa mlangoni.

Mtasema pesa hakuna. Nawaomba mtazame Zimbabwe, nchi ambayo haijatuzidi kwa utajiri. Dakta Dixon Chibanda, daktari wa maradhi ya akili mjini Harare, alimpoteza mgonjwa wake kijana. Mama wa binti huyo alimweleza kwamba walikuwa wamekwisha kuamua kumleta hospitali ila walikosa nauli ya basi, dola 15. Habari hizi nilizisoma kwenye simu, na nilipofika hapo niliifunika nikakaa kimya. Mwaka 2006 Dakta Chibanda akaanza na bibi wazee 14 wa mtaa wa Mbare. Hawakuwa madaktari. Walifundishwa kusikiliza, kuuliza maswali machache yaliyopangwa, na kumsaidia mtu achague tatizo moja kati ya mengi na kulipangia hatua. Wakakaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao uwanjani pa zahanati. Mradi ukaitwa Benchi la Urafiki. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na wale bibi, baada ya miezi sita walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida ya zahanati.

Bibi wale hawakutumia majina ya kigeni ya maradhi. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Nikamkumbuka mama aliyekaa mbele yangu: mwanangu ana mawazo. Ni ugonjwa ule ule, na watu wale wale, na lugha za nyumba moja.

Na mabenchi, Waheshimiwa? Mji wetu umejengwa kwa mabenchi. Toka Mkomani mpaka Langoni kila nyumba kongwe ina baraza lake la mawe mbele ya mlango, limejengwa makusudi mtu akae na mwenzake wazungumze. UNESCO ilituandika katika urithi wa dunia mwaka 2001 kwa ajili ya majengo hayo. Kwa nini mtoto wa mji huu apande boti na basi siku nzima akatafute mtu wa kukaa naye?

Mtasema wataalamu hawataki kuja Amu. Ni kweli, madaktari bingwa wa akili ni wachache nchi nzima na wengi wako Nairobi. Basi tuwafundishe walioko hapa. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapa hapa Kenya na wanafunzi 413 wa shule za upili wenye dalili za huzuni na wasiwasi. Waliowaongoza katika vikundi walikuwa vijana waliomaliza shule juzi tu, wakapewa mafunzo mafupi. Vikao vilikuwa vinne. Dalili zilipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Vijana waliomaliza shule wanaotafuta kazi Amu wapo, mnawaona kila siku gatini.

Na hata jambo lenyewe si geni kwetu. Zamani msichana wa Kiswahili akivunja ungo hakuachwa peke yake. Alikuwa na somo wake, mwanamke mtu mzima asiye mama yake, wa kumfunza na kumsikiliza yale ambayo haya humzuia mtoto kumwambia mama. Mimi nilikuwa na somo wangu. Amekufa sasa, Mungu amrehemu, lakini yapo mambo mawili katika maisha yangu ambayo ni yeye peke yake aliyeyajua, na lau ningekosa wa kumwambia sijui ningekuwa wapi. Wanafunzi wangu wa leo nikiwauliza somo ni nani, wanadhani nauliza kipindi.

Mtasema ni unga na bangi. Wapo wanaotumia, silikatai hilo, wala hakuna familia ya pwani isiyoguswa. Lakini mtoto anayesikia sauti usiku, akapewa kitu na rafiki kikamtuliza sauti hizo kwa saa mbili, amekwenda kutafuta dawa mahali pekee alipoipata. Atibiwe yote mawili. Malindi kliniki ya methadoni ilianza mwaka 2015 kwa waliozama katika heroini, na kabla yake wapo waliosema haiwezekani. Iliwezekana kwa kuwa wakubwa waliamua.

Na mtasema, hili nimelisikia zaidi ya yote, kwamba vijana wa siku hizi ni laini, wao simu tu, sisi tulipitia magumu na hatukuwa hivi. Nakuombeni kwa heshima mkae kidogo na maneno hayo. Mlisoma darasani na nani ambaye siku moja hakuja tena, na nyumbani kwao ikasemwa ana wazimu, akafungiwa chumba cha uani? Kila mmoja wetu anaye wa kumkumbuka. Walikuwapo.

Naomba mambo matano, na nimejitahidi nisiombe yasiyowezekana.

La kwanza, muuguzi wa afya ya akili mwenye ratiba inayojulikana. Afike kila kisiwa na kila mji mkubwa wa kaunti angalau mara moja kwa mwezi, na ratiba ibandikwe misikitini, makanisani na shuleni, ili mama wa Kizingitini ajue tarehe kabla ya kupanda boti.

La pili, dawa. Fluoksetini, haloperidoli na nyinginezo za msingi ni dawa za zamani, zisizo ghali, zimo katika orodha ya dawa muhimu. Mgonjwa aliyekwisha kuandikiwa Mombasa azipate hapa, mfululizo, bila kukatika. Hili halihitaji jengo wala mkutano.

La tatu, katika kila shule ya upili chumba kimoja chenye mlango unaofungika, na mwalimu wa ushauri apunguziwe vipindi kwa maandishi. Mimi niko tayari kulipaka rangi chumba kwa mkono wangu.

La nne, wafundishwe kusikiliza na kutambua dalili wale ambao watoto wako nao tayari: wahudumu wa afya wa jamii, ambao serikali iliwapa mikoba ya kazi mwaka 2023, maustadh na walimu wa madrasa, wachungaji wa makanisa ya miji ya Mpeketoni na Hindi, na kina mama watu wazima wa mitaani. Maustadh msiwaruke. Kwetu mzazi hufika kwao kabla ya kufika popote, na ustadh akijua wakati wa kusema "mpelekeni hospitali pia," miezi 14 itakuwa wiki mbili.

La tano, mtuonyeshe fungu la afya ya akili katika bajeti ya mwaka huu: limetengewa kiasi gani na kimetumika vipi. Kama halipo, mseme halipo.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kunijibu swali hilo la tano, na nimelipeleka kwa maandishi leo hii pamoja na barua hii. Kwa yale manne mengine sina sheria ya siku, nina ombi tu: mnipe miadi, nije na wazazi watatu na yule ustadh, mtusikilize saa moja. Tutakuja siku yoyote mtakayotaja, hata ikiwa ni wakati wa likizo, na gharama za boti ni juu yetu.

Kijana niliyemweleza sasa yuko nyumbani, anaendelea vizuri, na anataka kurudi darasani muhula ujao. Dawa alizobakiza ni za siku tisa. Mama yake ameanza kutafuta nauli ya Mombasa. Kama hilo la pili mwaweza kulitekeleza kabla ya mengine, tafadhali mlitekeleze wiki hii.

Wasalaam,

Mwalimu wa ushauri nasaha,
Amu